Kambale ameingia mashambani: tumuache azae kwanza



Munajua vile ziwa Tanganyika lilipanda. Mwaka 2021 maji yaliingia ndani ya nyumba kule Uvira na Kalemie, na mwaka 2024 yakarudi na nguvu. Ziwa hili lina mlango mumoja tu wa kutokea, ni muto Lukuga kule Kalemie. Mvua ikizidi, maji hayaendi haraka, yanabaki kwetu. Chini kabisa ya bonde la Ruzizi, pahali watu walilima mpunga na muhogo, leo kuko matete na maji. Na ndani ya maji hayo kuko kambale, samaki wa ndevu, asiye na magamba.

Kambale si mugeni. Wazee wanamujua tangu zamani katika Ruzizi na kandokando ya ziwa. Kipya ni pahali alipofika: shamba la mutu, lenye mupaka na jina katika daftari la koperative.

Tuseme kweli: sisi maagronomi tulikosea. Tulipoona maji, tulisema tu: chimbeni mitaro, maji yatoke, mulime tena. Kisha mama mumoja, memba wa koperative, akatuuliza kama atalipa namna gani mbegu aliyokopa, shamba likiwa chini ya maji na vijana wasiojulikana wakijaza vikapu vya samaki hapo hapo. Hatukuwa na jibu. Makala hii ni mwanzo wa jibu.

Kwanza tujue kambale anatafuta nini katika mashamba yetu. Anatafuta pahali pa kuzaa. Mvua za kwanza zikinyesha na maji yakifunika majani, kambale wanaacha ziwa na muto usiku, wanapanda katika maji mafupi. Anaweza kupumua hewa ya juu, ndiyo maana maji ya matope hayamusumbui, na anaweza hata kutambaa kwenye majani yaliyolowana. Mayai yake yananata kwenye majani, na kwa maji ya moto kama yetu yanapasuka kwa siku moja hivi. Jike mukubwa anabeba mayai makumi ya maelfu. Lakini si kama tilapia anayechunga watoto mudomoni: kambale anataga na kwenda. Watoto wanabaki peke yao katika majani, majuma kazaa, mbele ya kufuata maji makubwa.

Sasa tunafanya nini sisi? Mvua za kwanza ndio tunasimama njiani na kukamata majike yenye mimba, juu ni manene na yanauzwa muzuri. Kisha tunapitisha mustikeri katika majani na kumaliza watoto. Wengine wanatia sumu ya majani yaliyotwangwa. Mustikeri ile ina dawa ya kuua mbu. Kazi yake ni kitandani, zaidi sasa ambapo maji yaliyosimama yanatuletea mbu wengi. Na sumu haichagui: inaua kambale, inaua konokono na chura, na ng'ombe wa jirani anakunywa maji yale yale.

Mutu atasema: serikali zimekwisha kufunga uvuvi. Ni kweli, nchi 4 za ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilipatana kufunga ziwa miezi 3 kila mwaka, tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti. Ni jambo nzuri kwa samaki wa ziwani. Lakini miezi ile kwetu ni kiangazi. Kambale anazaa wakati wa mvua, ndani ya mashamba, na huko hakuna sheria ya ziwa inayomufikia. Hapo ni sisi wenyewe, koperative, tutaweka sheria ao hakuna atakayeiweka.

Mawazo yetu ni haya, muyajadili katika mukutano mukubwa mbele mvua hazijarudi.

Moja: shamba lililozama libaki katika daftari kwa jina la mwenyewe. Anayevua ndani aombe ruhusa, na mwenye shamba apate fungu lake. Namna hiyo yule mama ataweza kulipa mbegu.

Mbili: tangu mvua za kwanza, koperative ifunge kuvua katika mabwawa kwa majuma 6. Kisha watu wavue na ndoano ao na mitego yenye matundu makubwa. Mustikeri na sumu, hapana kabisa, mwaka muzima.

Tatu: pahali maji ni mafupi, tusikaushe yote. Tulime mpunga pamoja na samaki. Kando moja ya shamba muchimbe mutaro wa kina cha nusu mita mpaka mita 1, usizidi sehemu 1 kwa 10 ya shamba. Maji yakipunguka, samaki wanajificha humo. Kambale anakula wadudu, konokono, vyura wadogo, na hata mbegu. Basi musirushe mbegu ndani ya maji, mupande miche iliyokomaa kutoka pepinieri. Na hapo musipulize dawa ya wadudu.

Tunajua majuma 6 ni marefu kwa mutu aliyepoteza shamba. Hatuombi mutu alale na njaa kwa ajili ya samaki. Lakini kikapu kimoja cha majike leo ni vikapu vingi ambavyo hamutaviona mwaka kesho. Hatujui kama maji yatarudi nyuma hivi karibuni. Yakibaki, kambale ndiye atakuwa mavuno ya shamba lile. Nani anakula mbegu yake mbele ya kupanda?