Askari na Walanguzi wa Mbwa Chotara

Kituo cha mabasi cha Nyabugogo, mjini Kigali, hupokea abiria na mizigo kutoka pande zote za nchi, na tangu mpaka wa Gatuna ulipofunguliwa tena Januari 2022, mabasi ya Kampala nayo yamerejea. Mahali pa namna hiyo mtu aweza kukabidhi boksi lenye mtoto wa mbwa, akapokea fedha kwa simu, na kabla ya jua kutua akawa ng'ambo ya mpaka. Tunalisema hili kwa askari wa jeshi na polisi kwa kuwa mshahara wao ni wa hakika, na walanguzi wanalijua hilo.

Bidhaa yenyewe ni mbwa chotara wa mtindo mpya, mwenye jina lililoungwa kutokana na mbegu mbili za wazazi wake na bei ipitayo hata ya mbwa wa mbegu halisi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuongoza vipofu huko Australia, alimpandisha Labrador na Poodle ili kumpatia mwanamke kipofu wa Hawaii mbwa asiyemdhuru mumewe, ambaye manyoya ya mbwa yalimletea maradhi. Walizaliwa watatu, mmoja tu ndiye aliyemfaa mume yule. Waliobaki walikosa wa kuwachukua, maana hakuna aliyetaka chotara. Conron akabuni jina la Labradoodle, ikatangazwa kuwa ni aina mpya, na maombi yakafurika. Mbwa walikuwa wale wale. Mwaka 2019 alitamka hadharani kwamba anajuta.

Wako wanaodai kuwa damu mchanganyiko ina nguvu zaidi. Huenda ikawa hivyo, iwapo wazazi ni wazima. Lakini wazazi wawili wenye nyonga mbovu hawazai nyonga njema kwa sababu ya jina. Na manyoya hayo husokotana yasipochanwa kila mara. Askari akipelekwa kulinda amani Afrika ya Kati, nani atamchana mbwa wake?

Virusi vya parvo hujificha siku kadhaa kabla ya mbwa kuanza kutapika na kuharisha damu. Achezaye ndani ya boksi leo aweza kuzikwa juma lijalo, na simu ya muuzaji isipatikane. Mkopo wa Zigama CSS, chombo kilichoanzishwa mwaka 1997 ili askari wajiwekee akiba, utaendelea kukatwa.

Lakini lililo zito zaidi ni kichaa cha mbwa. Chanjo yake kwa kawaida hutolewa mbwa afikapo miezi mitatu, kwa hiyo cheti cha mtoto wa majuma sita chastahili kutiliwa shaka, hata kikiwa na muhuri. Muuzaji asiyekubali mama wa mbwa aonekane asipewe hata faranga moja, na daktari wa mifugo amkague mnyama kabla ya fedha kutoka mfukoni. Polisi wa zamu hapo Nyabugogo nao waulize hati za kila mnyama aliyevushwa mpaka.

Kwa aliyekwisha kununua: mbwa huyo akimng'ata mtoto nyumbani, hata kwa mchezo, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishatokea, karibu hakuna aponaye.