Baba kaacha sukari, kahamia kwenye asali

Tabora haina shida ya asali, na hapo ndipo akina baba wengi wanapopata upenyo. Baba ameambiwa na daktari apunguze sukari, ameitikia vizuri. Asubuhi chai inaletwa kavu, naye anavuta chupa ya asali na kumimina kama anazima moto. Mama akiguna, jibu lipo: "Hii ni dawa!"

Shirika la Afya Duniani huihesabu asali pamoja na sukari. Linashauri mtu mzima asizidishe takribani gramu 50 kwa siku, na chini ya 25 ni bora zaidi. Kijiko kikubwa cha asali kina kama gramu 17. Baba akiweka vitatu, amemaliza posho ya siku kabla hajagusa andazi.

Punguzeni nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea. Msimu wa maembe ukifika, miembe ya njia ya zamani ya misafara ya Ujiji ipo: tunda zima lina nyuzinyuzi.

Na bibi asimlambishe asali mtoto asiyetimiza mwaka 1, hata kwa ncha ya kidole. Huweza kuwa na bakteria wanaotoa sumu tumboni mwake, misuli ikalegea mpaka ashindwe kupumua.