Maiti Hamtaji Aliyemtuma

Hapa Magongo, kila inapozuka habari ya vijana wa mapanga, mazungumzo huishia pale pale: wapigwe risasi, tupate kulala. Hasira hiyo twaielewa. Mama aliyeporwa alfajiri akielekea kibaruani hana haja ya hotuba. Lakini sisi wapenda mageuzi tuna wajibu wa kuuliza swali lisilowapendeza wakubwa: makundi haya hulelewa na nani, na humfaa nani?

Pwani yetu imekwisha kutoa jibu moja. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, mwaka wa uchaguzi mkuu, vijana waliolishwa kiapo na kufunzwa karibu na Kaya Bombo, Kwale, walivamia kituo cha polisi cha Likoni. Waliua polisi sita, wakatwaa bunduki. Vikaratasi viliwaamuru watu wa bara waondoke. Katika ghasia hizo watu zaidi ya 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakahama makwao. Maelfu walikimbilia Kanisa Katoliki la Likoni. Wengi wa waliofukuzwa walihesabiwa kuwa wapiga kura wa upinzani. Kilio cha vijana wale juu ya ardhi na ajira kilikuwa cha kweli. Waliokitumia walikuwa na hesabu yao ya kura. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza, lakini ripoti yake ikafichwa hadi 2002.

Tangu wakati huo dawa imekuwa ile ile, marufuku. Baraza la Republican la Mombasa lilipigwa marufuku mwaka 2010. Mahakama Kuu ya Mombasa ikaibatilisha marufuku hiyo mwaka 2012, kwa kuwa dai la kisiasa, hata tusipokubaliana nalo, hujibiwa kwa hoja. Mwishoni mwa 2016 serikali iliharamisha makundi 90 kwa mkupuo. Mapanga ya Kisauni hayakukoma.

Hatuwatetei wahalifu. Anayemkata jirani yake panga ashtakiwe na afungwe. Katiba, katika kifungu cha 49, yataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Hiyo si huruma kwa mwizi. Kizimbani ndiko anakoweza kuulizwa nani alimlipa, nani alimpa silaha, nani humtoa rumande kila akamatwapo. Kijana akipigwa risasi uchochoroni, maswali hayo huzikwa naye, na aliyemtuma hutafuta mwingine kabla matanga hayajaondolewa.

Kwa hiyo twawaomba wanaharakati na waumini: tuwasindikize mashahidi mahakamani wasiende peke yao. Tuandike tarehe, mahali na majina kila kijana achukuliwapo na polisi. Na mgombea ajaye kanisani akizungukwa na vijana wa kukodi asipewe kipaza sauti, hata akileta mchango mnono.

Kaini aliulizwa habari za ndugu yake, akajibu kwa kiburi. Sisi tusijibu hivyo.