Fimbo Ikianguka Uwanjani

Mtu atazamaye ngoma ya mistari, naye amesimama penye kivuli cha mwembe, huiona kazi ile kuwa nyepesi. Wachezaji wamevaa nguo nyeupe, wamejipanga safu nne au tano, filimbi yalia, ngoma kubwa yaitika, na miguu yote yashuka pamoja. Tena mtazamaji huyo yu tayari kuhukumu. Amwonapo mchezaji mmoja ameangusha fimbo yake, hupaza sauti, akasema, "Hao wamekwisha shindwa!" Mimi naona hukumu ya namna hiyo si ya haki, nayo imewaharibu wachezaji wengi wa nchi yetu, hasa wa shuleni. Nanyi msomao habari hii, ambao labda mwaka huu mtasimama uwanjani, yafaa mjue sababu zangu.

Ngoma hizi zina ndugu wengi. Huku Kyela, tangu Kasumulu hata Matema, twacheza ing'oma. Wenzetu walio ng'ambo ya mto Songwe, huko Karonga na kusini yake mpaka Nkhata Bay, wana malipenga. Wanyasa wa pande za Liuli na Mbamba Bay wana mganda, na wanawake wao wana kioda. Majina ni mbalimbali, lakini desturi zakaribiana: kujipanga safu, kufuata ishara ya kiongozi, kuvaa sare, na kushindana kijiji kwa kijiji.

Huko pwani ndugu yao ni beni, iliyoanza katika miji ya Lamu na Mombasa miaka ya 1890, ikashuka Tanga na Dar es Salaam, ikawa na vyama viwili vilivyoshindana sana, Marini na Arinoti. Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 ndiyo iliyoeneza mchezo huu barani, kwa kuwa askari na wapagazi waliuchukua kila walikokwenda. Kwetu vita hiyo ilifika mapema. Tarehe 9 Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lililotoka Neu Langenburg, yaani Tukuyu, lilipigana na Waingereza huko Karonga. Watu wa ziwani waliona gwaride la King's African Rifles, wakasikia na tarumbeta za shaba. Wao hawakuwa na tarumbeta. Basi walitwaa vibuyu, wakavitoboa, wakafunika tundu dogo kwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake. Na mtu akiimba ndani ya kibuyu, sauti hutoka kama ya shaba iliyopasuka kidogo. Mimi naipenda sauti hiyo kuliko ya shaba yenyewe, ingawa najua si wote watakaokubali.

Hata Marekani wanao mchezo wenye asili ya jeshi. Zamani bendera ya kikosi iliwaonyesha askari mahali pa kukusanyika kati ya moshi wa baruti, na walinzi waliwekwa kuishika. Kutokana na walinzi hao ulizaliwa mchezo wa vijana, ambao hurusha bendera, bunduki za mti na panga, wakazidaka kwa kufuata muziki. Chama chao kimoja kikubwa, Winter Guard International, kilianzishwa mwaka 1977.

Sasa tutazame ugumu wake. Watu wanane wamesimama bega kwa bega, nao watakiwa kuzunguka pamoja kama mlango uzungukavyo juu ya bawaba zake. Chukueni kalamu mfanye hesabu. Tuseme baina ya mtu na mtu ni sentimeta 75, na robo ya duara yatimizwa kwa hatua 12. Mtu wa kwanza, aliye bawaba, hukanyaga papo hapo wala haendi. Wa pili hupiga hatua ya sentimeta 10 tu. Wa tatu yapata 20. Na wa nane, aliye mwisho, hupiga hatua ya sentimeta 69 hivi. Watu wanane wana hatua za namna nane, na miguu yao yote lazima iguse ardhi kwa pigo moja la ngoma. Wa tatu akinyosha hatua kama wa saba, mstari huwa upinde. Tena hakuna ruhusa ya kugeuza shingo. Mtu hutazama kwa pembe ya jicho tu. Haya yote wale walio kivulini hawayaoni, maana yakifanywa vema huonekana kana kwamba si kitu.

Kurusha fimbo kuna hesabu yake pia. Fimbo ikipanda mita moja na robo juu ya mkono, hukaa hewani sekunde moja hivi, ambayo ni mapigo mawili ya ngoma katika mwendo wa hatua 120 kwa dakika. Mwanafunzi atakaye ikae hewani mapigo manne hudhani ya kuwa airushe juu mara mbili tu. La, yapasa ifike karibu mita tano, kwa kuwa ukitaka muda uwe mara mbili, kimo huwa mara nne. Katika muda huo fimbo hujizungusha, na mchezaji hutembea, naye lazima ajue itafikia wapi. Aliyefundishwa vema haikimbilii fimbo wala hainyakui. Huweka mkono mahali pake, akaingoja ije. Bendera ni ngumu zaidi, kwa sababu kitambaa hushika upepo, na penye pwani ya Matema upepo wa ziwani haumwombi mtu ruhusa. Tena Kyela ni nchi ya mvua nyingi. Kitambaa kilicholowa huwa kizito, na uwanja wenye matope humnyima mtu ile hatua ndefu ya mwisho wa mstari.

Niseme sasa juu ya makosa, maana hapa ndipo watu wanapokosana. Kuanguka kwa fimbo ni kosa lionekanalo na kila mtu, hata mtoto mchanga; kwa hiyo waamuzi wasiojua kazi yao hulishika hilo. Lakini safu nzima ikichelewa nusu ya pigo, au mstari ukiwa upinde tangu mwanzo hata mwisho, hilo ni kosa kubwa zaidi, nalo aghalabu halihesabiwi. Na kosa lipitalo yote ni lile lifuatalo la kwanza. Mtu ameangusha fimbo, akashikwa na haya, akainama kuitafuta, na safu ya nyuma ikamkanyaga. Fimbo moja imevunja safu mbili.

Miaka kadhaa iliyopita nilitazama mashindano ya shule mbili, ambazo sitazitaja. Ya kwanza ilitembea mbele na nyuma, ikageuka mara mbili, na fimbo hazikutoka mikononi hata mara moja. Walikuwa safi sana, kweli. Ya pili ilikuwa na wachezaji 24. Walijigawa safu mbili, zikapishana kati kwa kati, na katika kupishana wote 24 walirusha fimbo juu. Ishirini na tatu walidaka. Fimbo ya msichana mmoja iligonga kidole chake ikaanguka. Hakuinama, kwa maana safu ya wenzake ilikuwa yaja mbele yake. Aliendelea kuzungusha mkono mtupu kana kwamba fimbo imo, mapigo manane, kumi na sita. Na safu yake iliporudi mahali pale, wote wakapiga goti moja kama zoezi lilivyotaka, naye alipiga goti pamoja nao, akainuka na fimbo mkononi. Waliokuwa upande wangu wa uwanja hawakutambua aliipata lini.

Waamuzi waliipa ushindi shule ya kwanza. Mmoja wao alipoulizwa, alijibu kwamba kosa ni kosa. Sikulalamika siku ile, kwani si adabu kushindana na mwamuzi mbele ya watoto. Lakini mwaka uliofuata shule ile ya pili ilikuja uwanjani, ikatembea mbele na nyuma, ikageuka mara mbili, fimbo zimeshikwa kama bakora za wazee. Walikuwa wamejifunza somo walilofundishwa na waamuzi.

Hebu tuipime hukumu ile kwa hesabu. Tuseme watoto 24 wamejizoeza hata kila mmoja adaka mara 19 katika kurusha 20. Hao ni watoto hodari sana. Hata hivyo, wakirusha wote pamoja, kwa wastani itaanguka fimbo moja, na zaidi kidogo. Basi shule iliyoangusha moja kati ya 24 haikuonyesha uzembe. Ilionyesha kazi ya miezi mingi. Shule isiyorusha haikuonyesha kama yaweza kudaka au haiwezi, nasi hatujui hata leo.

Wengine wameyafikiri haya kabla yetu. Huko Marekani, katika mashindano ya bendi za vijana waendao kwa gwaride, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 waamuzi walihesabu makosa na kupunguza alama kwa kila moja. Kisha wakaiacha desturi hiyo. Walinzi wa bendera nao siku hizi hupimwa kwa mambo mawili, yale waliyojaribu kufanya na jinsi walivyoyafanya. Katika michezo ya viungo, Nadia Comaneci wa Romania alipata alama 10 kamili huko Montreal mwaka 1976, na watu walidhani hakuna zaidi. Lakini tangu mwaka 2006 alama ya ugumu huandikwa mbali na alama ya usafi, kisha hujumlishwa. Mtu akianguka hupoteza alama nzima, walakini ule ugumu alioutimiza haufutwi.

Yamkini mtu ataniuliza, "Je, wataka kila mtoto arushe fimbo apendavyo, nasi tumsifu?" La hasha. Wapo vijana wapendao kurusha juu kabisa ili wasichana wapige vigelegele, nao katika mazoezi hudaka mara moja kwa mbili. Huo si ustadi, ni majivuno, tena ni hatari, maana bunduki ya mti ikimshukia mwenzako kichwani hutoa damu. Kwa maoni yangu, asiyedaka walau mara tisa katika kumi nyumbani asirushe mbele za watu. Na mwalimu amrushishaye naye alaumiwe. Wala siidharau shule iendayo kwa hatua nyepesi ikiwa wanafunzi wake ni wageni wa kazi hii. Ninayoikataa ni ile iliyokwisha weza, kisha yajificha katika mepesi ili isikosee.

Basi mashindano ya shule zetu yangekuwa na waamuzi wawili wanaokaa mbalimbali. Mmoja aandike ugumu tu: mistari mingapi imegeuzwa, safu zimepishana mara ngapi, fimbo imekaa hewani mapigo mangapi. Wa pili aandike usafi, naye ahesabu kuchelewa kwa miguu na kupinda kwa mistari kabla ya kuhesabu fimbo zilizoanguka. Tena awe na alama za kumpa yule aliyekosea akajirudisha vema, kwa sababu hilo nalo lina kufundishwa.

Maana lafundishika. Mwalimu na amwendee mchezaji mmoja kwa siri kabla ya mazoezi, amwambie aangushe fimbo kusudi kwenye pigo la sita, wala wenzake wasijue ni nani. Siku za kwanza safu yote hugeuza vichwa kutazama, na mwenye fimbo huinama mbio. Mwalimu asikemee, bali apige filimbi, waanze tena, na kesho amchague mwingine. Baada ya majuma matatu hivi fimbo huanguka, na ngoma huendelea, wala hakuna shingo inayogeuka.