Sauti ya Msimulizi Isifutwe
Wapenzi wa filamu hapa Eldoret wakibishana kama sinema ya mapigano itazamwe ilivyotoka kiwandani au ile aliyoisimulia DJ Afro, mimi nasimama na DJ Afro. Sababu yangu iko kule Wakaliga, Kampala, ambako Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kisha akaifuta kwenye kompyuta yake apate nafasi ya kazi nyingine. Iliyosalia ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie, akitania na kushangilia juu ya maneno ya waigizaji. Fundi gani atairudisha ile ya awali? Wewe uliyerithi diski zilizosimuliwa kutoka banda la video lililofungwa, zinakili sasa, na jina la msimulizi uliandike.