F-150, Silverado au Ram: Pesa Yako Inanunua Nini?

Nchini Marekani, vita ya pickup kubwa haipoi. Ford F-Series inaongoza kwa mauzo ya pickup tangu 1977, ila gari la wengi si lazima likufae wewe.

F-150 ya haibridi inaweza kutoa umeme wa hadi kilowati 7.2, fundi akaacha jenereta nyumbani. Chevrolet Silverado bado ina injini ya dizeli ya lita 3.0, nzuri kwa safari ndefu. Ram 1500 ina springi za koili nyuma, haimrushirushi abiria. Iliiondoa V8 ya Hemi kwenye toleo la 2025, wateja wakanuna, ikairudisha 2026.

Kabla ya kulipia nguvu ya kuvuta trela, jiulize: trela lenyewe unalivuta mara ngapi kwa mwaka?