Petroli Imerudi Kazini

Barabara na Mzigo
Na Rashid Mwinyihaji

Pikapu kubwa ya Kimarekani haisomwi kwenye boneti. Husomwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mahali palipobandikwa karatasi ndogo yenye onyo moja: uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi kilichoandikwa hapo. Wanunuzi wengi huiona baada ya kulipa. Tangazo limewaonyesha gari likivuta zaidi ya tani 16, wametoka dukani na dizeli inayonguruma, na siku ya kwanza ya kufunga trela ndipo wanapojua kwamba nafasi iliyobaki kwa mke, watoto na sanduku la spana ni kilo chache mno.

Safu hii inaitetea injini ya petroli kwenye magari haya, na utetezi unaanzia kwenye karatasi hiyo.

Trela la kawaida, lile linalofungwa nyuma ya bampa, huuegemea mkia wa gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Lile linalofungwa katikati ya karai, juu ya ekseli ya nyuma, huegemea zaidi, asilimia 15 hadi 25. Uzito huo haukokotwi, unabebwa, kwa hiyo unahesabiwa pamoja na abiria. Tuchukue mfano wa trela la kilo 5,000 linalokandamiza kwa kilo 600. Pikapu ya dizeli ambayo karatasi yake inaruhusu kilo 950 ikipakia watu wanne wenye jumla ya kilo 320, imebakiwa na kilo 30. Hata jenereta ndogo haiingii. Gari lilelile likiwa na injini ya petroli, ambayo ni nyepesi kwa kilo mia na zaidi na haina matangi na vichujio vya ziada, humwachia mwenyewe nafasi ya kupumua. Ndiyo maana katika pikapu za Ford za mwaka 2020 iliyoruhusiwa kubeba mzigo mzito kuliko zote mgongoni ilikuwa ya petroli, ingawa dizeli ndiyo iliyoongoza kwa kuvuta.

Kwa miaka mingi petroli kwenye daraja hili la magari ilikuwa ya mtu asiye na fedha za dizeli. Mwaka wa modeli 2020 mambo yalibadilika. Ford ilileta injini mpya ya lita 7.3, silinda 8, yenye nguvu za farasi 430 na torki ya futi-pauni 475, inayoundwa Windsor, jimbo la Ontario nchini Kanada. Wapenzi wa magari wakaiita Godzilla. Namba yenyewe ina kumbukumbu yake, kwa kuwa 7.3 ndicho kilichokuwa kipimo cha dizeli ya Power Stroke kati ya 1994 na 2003, injini ambayo mafundi wa Marekani wanaisifu mpaka leo kwa uvumilivu. Kumpa mtoto wa petroli jina la babu wa dizeli ni kumkabidhi deni la kulilipa.

Na imeundwa kulilipa. Bloki yake ni ya chuma kizito, si aluminiamu. Kamshafti ni moja tu, imelazwa ndani ya bloki, nayo hufungua valvu kwa kusukuma vijiti, kama injini za Kimarekani za miaka ya 1960. Krenki ni ya chuma cha kufuliwa. Chini ya kila pistoni kuna tundu linalorusha oili ili kuipoza. Mafuta hunyunyizwa kwenye njia ya hewa, si moja kwa moja ndani ya silinda, na hakuna tabo. Asiyejua kazi anaweza kuuona muundo huo kuwa wa kizamani. Lakini injini ya gari la fundi wa umeme hushinda mchana kutwa ikinguruma palepale huku ikiendesha pampu na winchi, kisha jioni hufungiwa trela la tani tano na kupandishwa mlima. Kwa maisha ya namna hiyo kila kifaa kilichopunguzwa ni safari moja ya gereji iliyopungua.

General Motors ilikwenda njia hiyohiyo mwaka uleule kwa petroli ya lita 6.6 yenye bloki ya chuma na farasi 401. Ram tayari ilikuwa na Hemi ya lita 6.4. Kampuni tatu zinazoshindana kufa na kupona hazikufikia uamuzi mmoja kwa bahati.

Kilichozisukuma ni mzigo ulioigeukia dizeli yenyewe. Tangu sheria za hewa safi za Marekani zikazwe mwaka 2007 na tena 2010, pikapu ya dizeli hubeba karakana ya kemia kwenye ekzosi: kichujio cha masizi ambacho lazima kiunguzwe mara kwa mara kijisafishe, na tangi la maji ya urea yanayonyunyizwa kuua gesi za naitrojeni. Sheria hizo ni za haki, maana mapafu ya watoto wanaokaa kando ya barabara kuu yana thamani kuliko torki. Lakini kichujio kinahitaji safari ndefu yenye joto, na gari linalozunguka mtaani kilomita tano tano haliipati, hivyo huziba. Urea ikiisha, au kihisio kikisema imeisha, kompyuta hulipunguzia gari nguvu. Malalamiko ya wakulima na madereva yalikuwa makubwa kiasi kwamba Agosti 2025 Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, lilitoa mwongozo wa kulegeza adhabu hiyo ya kompyuta.

Wapo walioshutumiwa kwa kukwepa. Cummins, inayotengeneza dizeli za pikapu za Ram, ilikubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675 katika kesi ya mamia ya maelfu ya magari ambayo serikali ilisema yalifungwa programu za kuhadaa vipimo vya moshi. Hiyo ndiyo faini kubwa kuliko zote za kiraia katika historia ya sheria ya hewa safi ya nchi hiyo. Petroli si malaika, inachafua pia, ila kichujio chake cha kikemikali hakimdai dereva chochote.

Dizeli ina mahali pake, na pa kuheshimiwa. Barabara ya I-70 huko Colorado hupanda hadi handaki la Eisenhower, zaidi ya futi 11,000 kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia tatu ya nguvu kila futi 1,000, hivyo mlangoni mwa handaki Godzilla hubaki na theluthi mbili tu ya nguvu zake, ikipiga kelele kwa mizunguko ya juu. Dizeli yenye tabo hupanda kwa utulivu, na ikishuka upande wa pili breki ya ekzosi humpunguzia dereva kazi ya mguu. Anayeishi kwa milima ya namna hiyo anunue dizeli bila kuona haya.

Mwingine apige hesabu. Dizeli huongeza zaidi ya dola 10,000 kwenye bei. Magari mazito ya daraja hili hayalazimiki kubandikwa makadirio ya ulaji wa mafuta dukani, kwa hiyo mnunuzi lazima ajikadirie. Tuseme petroli inakwenda maili 9 kwa galoni ikivuta na dizeli 12, galoni ya petroli ni dola 3.20 na ya dizeli 3.80. Kwa maili 20,000 kwa mwaka dizeli inaokoa kama dola 775, na kabla hata ya kununua urea itachukua karibu miaka 13 kurudisha gharama. Kwa maili 60,000 inarudi katika miaka minne na ushei. Tofauti ya watu hao wawili ni maili, si uanaume.

Hesabu hii inawahusu Waswahili wasiokuwa wachache. Kati ya Watanzania, Wakenya na Wakongo walioko Marekani wamo wanaoishi kwa usukani, na kwa anayetaka kujitegemea, pikapu na trela la kubebea magari ni mlango wa bei nafuu kuliko lori. Sheria inaruhusu: bila CDL, leseni ya udereva wa magari makubwa ya biashara, mtu anaweza kuendesha pikapu yenye kikomo cha pauni 10,000 na trela la pauni 14,000, kwa kuwa jumla haifiki 26,001. Lakini akivuka mpaka wa jimbo kwa biashara, jumla ikizidi pauni 10,000 anatakiwa kuwa na namba ya USDOT, yaani ya usajili wa Idara ya Uchukuzi ya Marekani. Kuna waliosimamishwa barabarani bila kujua hivyo, na hasara ikala akiba ya miezi.

Anayefikiria kuipeleka nyumbani naye asikurupuke. Kenya haisajili gari lenye usukani wa kushoto isipokuwa magari maalumu kama ya wagonjwa na ya zimamoto, na fundi wa Kariakoo aliyeishika Hilux maisha yake yote hatakuwa na plagi 8 za Ford kabatini.

Kabla ya kutia saini ipo njia moja ya kuondoa ubishi. Vituo vikubwa vya malori Marekani vina mizani ya umma. Mnunuzi aombe gari la majaribio, ajaze tangi, apakie familia na vifaa, afunge trela lenye mzigo wa kawaida wa kazi yake, apande mizani, kisha alinganishe risiti na namba iliyo kwenye nguzo ya mlango. Muuzaji akikataa jaribio hilo, yapo maduka mengine.